Kinga ya Kumbeba Mama Mukwe

Kwetu Kamina baiskeli tunaiita kinga, na miaka ile ya Zaire mwanaume mwenye kinga mbili aliangaliwa kama mwanaume mwenye bibi wawili: mbele wanamsifu, nyuma wanangoja siku atakayoanguka. Mimi nilikuwa na moja na niliridhika. Nasema mapema, ili mtu asifikiri nilitafuta makuu.

Ile moja ilikuwa nyeusi, nzito, na roho mbaya. Haikuwa na freni. Ukitaka kusimama unakanyaga tairi la mbele kwa kisigino na kumwita Mungu. Lakini kubeba, ilibeba. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuwa akiichukua kwenda Kinkondja, wiki mbili haonekani, halafu anarudi akiisukuma, samaki wakavu wamepangwa juu mpaka kichwa chake kimepotea, na fungu letu tunalitoa pale pale mlangoni. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu ulikuwa kama mvua ya mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Bila kinga ile tungekula chaki.

Shida ilianza mimba ya mke wangu ilipofika miezi saba. Tulikuwa tumeoana miaka sita, na alikuwa ameshazaa mara mbili. Watoto wote wawili walizaliwa kimya, hawakulia hata mara moja. Mara zote mbili mama yake alikuwa mbali, kijijini kwao, njia ya Kabongo. Basi mchana mmoja mke wangu akaniwekea bukari, ugali wetu, mezani, na badala ya kwenda zake akasimama pale pale.

“Mara hii namutaka mama,” akasema.

“Atakuya namna gani? Mguu wake unauma, na lori haina mafuta.”

“Na kinga.”

“Kinga iko Kinkondja.”

“Tafuta ingine.” Halafu sauti ikashuka. “Bwana, minyi naogopa. Naogopa sana.”

Sasa, mke wangu hakuwa mtu wa kuogopa. Mwanajeshi mmoja mlevi aliwahi kuingia uani kwetu kutafuta kuku, akamtoa kwa mwiko wenye moto mpaka akaacha kofia. Nilipomsikia anasema anaogopa, nikarudisha tonge sahanini. Nikasema nitatafuta, na hapo nikawa nimejifunga kamba shingoni mwenyewe.

Maana kwetu Baluba mwanaume na mama mukwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimuona njiani, unaingia majanini. Akifika kwako, unatoka kwa mlango wa nyuma, na kama nyumba haina mlango wa nyuma, pole yako, dirisha lipo. Hamli pamoja, hamgusani, wala hamsemeshani. Kila mmoja anasema na kitu kilicho karibu. Katika miaka sita mama mukwe alikuwa amenisemesha mara tatu, zote kupitia jogoo. “Weye jogoo, ambia mwenye nyumba unga umefika.” Nami namjibu jogoo: wafwako, asante sana. Si chuki hiyo, ni heshima. Haya hiyo ina siku yake ya kwisha, lakini kwa desturi ya ukoo wa mke wangu siku hiyo inangoja mtoto aliye hai, na mtoto hatukuwa naye.

Sasa niambie: utambebaje kwenye kinga, siku nzima, mama ambaye huruhusiwi kumgusa wala kumuona? Kwenye kinga zetu anayebebwa anamshika mwendeshaji kiunoni. Kiunoni! Kaka zake mke wangu walikuwa Kolwezi migodini. Na kumkodisha kijana ambebe kungekuwa kuutangazia ukoo mzima kwamba mkwe wao hamjali mtu. Nilikuwa na kichwa kigumu, sikutaka kusikia maneno hayo. Nikaapa nitambeba mwenyewe.

Nikaenda kwa fundi wa kinga, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na njia ya treni, nikamweleza. Nilitaka kinga ya pili ya kufaa kila kitu: kwenda shule, misa, shamba, kwenye mchanga, kwenye lami, mvua na jua, mke wangu aweze kuipanda na kitenge chake, na mama mukwe akae juu bila kugusana na mimi. Fundi akafuta mikono polepole.

“Mwalimu,” akasema, “hiyo haiko kinga. Hiyo iko treni.”

Masista wa misioni walikuwa na moja ya kutoa, nikaijaribu. Ilikuwa fupi mno, magoti yakawa yananipiga kidevu kila nikizungusha. Sista akasema nasafiri kama panzi. Nikamrudishia, nikamshukuru, nikaenda zangu nikinung'unika.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, nikatembea mpaka base ya wanajeshi. Kule zilikuwa familia kutoka kila pembe ya nchi, na mtu akihamishwa aliuza hata mlango. Mke wa sajini mmoja, mama wa jimbo la Équateur aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima, alikuwa anakaanga mikate ya mafuta huku anauza vyombo vya nyumba. Kinga zilikuwa mbili ukutani. Moja ilikuwa ile wanayoita demi-course: nyekundu, usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi membamba kama kidole. Lo! Mate yakanijaa. Ya pili haikuwa na bomba la juu, ilipakwa rangi ya jeshi mpaka kwenye kengele, matairi ya unene wa kati, gia tatu. Hata sikuisalimia.

“Nakamata ile nyekundu,” nikasema.

“Ndeko, ndugu yangu mwalimu, utabeba nini?”

“Mama mukwe.”

Akacheka mpaka akaacha mikate ikaungua. “Panda kwanza,” akasema.

Nikapanda. Lami ya base ilikuwa laini, ilitengenezwa kwa ajili ya wakubwa. Upepo ukaingia ndani ya koti langu la abakosti, likavimba, nikajiona waziri anayepokelewa kiwanjani. Nikapiga kengele bila sababu. Nikawahurumia wote waliokuwa wanatembea kwa miguu.

“Sasa ingia pale!” mama akapiga kelele, akionyesha njia ya mchanga.

Kamina, ukiondoa vipande vya lami, ni mchanga mtupu. Tairi la mbele likazama mpaka katikati, kinga ikasimama, waziri akaendelea. Niliupiga mchanga kwa uso, mbele ya watoto wa wanajeshi wa majimbo yote ya Zaire, na kila mmoja alinicheka kwa lugha ya kwao.

Mama wa Équateur akaja kunipangusa mgongo kwa kitambaa cha mikate. “Ile nyekundu bwana yangu alinunua juu ya watu bamuone. Maji, kuni, unga, mutoto mugonjwa, ile yote minyi nilibeba na hii ya kijani. Panda uone.”

Nilikasirika, maana alisema kweli. Nikapanda ile ya kijani nikiwa nimenuna, nikaipeleka kwenye lami, ikaenda. Mchangani, ikayumba kidogo, ikaenda. Kwenye matuta ya shamba la mihogo nyuma ya nyumba za askari, ikaenda. Haikuwa na haraka wala maringo. Nikampa redio yangu na nguruwe mmoja. Nguruwe nilimsahau siku ile ile. Redio niliililia mwaka mzima.

Kazi ya kumpangia mama mukwe mahali pa kukaa ikabaki kwa fundi. Akapima kinga, akaizunguka, akajikuna.

“Mama mukwe yako iko na uzito gani?”

“Nitajua namna gani? Sijamuangalia hata siku moja.”

“Hata kwa nyuma?”

“Fundi, chunga mdomo.”

Ilibidi nimuulize mke wangu. Nilichagua saa nzuri, ameshiba, ameweka miguu juu ya kigoda. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kabisa mama yake ana uzito gani. Miguu ikashuka.

“Unasema nini juu ya mama yangu?”

“Haiko minyi, ni fundi anauliza.”

“Fundi anauliza uzito wa mama yangu? Juu ya nini? Anataka kumuuzisha?”

Siku mbili nilikula bukari kavu, bila mboga ya sombe, bila samaki, bila neno. Siku ya tatu fahari ikamshinda. Akaja mwenyewe, mikono kiunoni, tumbo mbele.

“Ambia fundi yako mama yangu haiko mutu wa njaa. Mama yangu akikaa kwa kiti, kiti kinajua. Aweke gunia ya mahindi. Yote. Na nusu ingine juu.”

Fundi akapiga mluzi. Akarefusha kibebeo kwa mbao ngumu, akafunga juu yake kiti kilichokatwa miguu, kinaangalia nyuma, ili mama aone alikotoka nami nione tunakokwenda. Katikati yetu akasimamisha kipande cha mkeka kama ukuta. Tukapakia gunia na nusu. Gurudumu la mbele likainuka juu kama mbuzi anayetaka majani ya mti, na gunia likakaa chini. Wapita njia wakashangilia. Fundi hakukata tamaa. Akatafuta kipande cha chuma cha reli, sikuuliza alikitoa wapi, akakifunga mbele ya usukani kwa waya. Tukapakia tena, kinga ikasimama sawa. Tukapeana mikono, mafundi wawili waliokubaliana juu ya uzito wa mama ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumuona.

Nilikwenda kijijini peke yangu na chuma changu, na safari ile nisiisimulie. Mikono ilikufa ganzi. Nikalala kwa jirani yao. Asubuhi kijiji kizima kilitoka kuangalia mkwe mwalimu atafanya nini. Nilisimama nimeshika usukani, macho mbele, shingo ngumu. Mama mukwe, kichwa amekifunika kwa kitenge, akaja kinyumenyume akiongozwa na wanawake wawili, mgongo wake ukielekea mgongo wangu. Nikasikia kiti kinalia kidogo. Nikangoja. Nikangoja sana.

“Weye kengele,” nikasema mwishoni, “uliza mama kama atapanda.”

“Kengele,” ikatoka sauti nyuma ya mkeka, “mwambie nimepanda zamani.”

Wanawake wakapiga vigelegele, nikakanyaga. Nikashangaa kwamba usukani ulikuwa mzito vile vile kama jana. Mteremko wa kwanza ulikuwa karibu na kisima chao. Pale chuma cha reli kikakumbuka kwamba ni chuma. Kinga ikainama, ikachoma mchanga kwa pua, mimi nikashuka kifudifudi juu ya usukani, na nyuma ikainuka juu, mama mukwe hewani, ameshika kiti kwa mikono miwili, akikitazama kijiji chake kutoka mahali ambapo hakuwahi kukitazama. Halafu nyuma ikashuka, taratibu, ikatua. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, nimemuua mama ya watu.

“Kinga,” sauti ikasema, tulivu kabisa. “Umebeba nini pale mbele?”

“Kinga, ambia mama ni chuma.”

“Ya nini?”

“Ya kusawazisha uzito.”

“Uzito wa nani?”

Nikajifanya napangusa mchanga kwenye usukani. Mwanaume mmoja aliyekuwa analima kando ya njia akaegemea jembe lake kusikiliza.

“Kinga, nani alikuambia minyi niko muzito?”

“Kinga, sema kweli. Ni mutoto yake mwenyewe.”

Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha mke wangu, kile cha kuanzia tumboni, nikacheka na mimi, na yule mkulima akacheka bila kujua anacheka nini. Lakini kicheko cha mama kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Nikafungua waya, nikakitupa kile chuma majanini, nikapanda tena.

Hapo ndipo nilipojua. Kinga ilikwenda kama niko peke yangu. Gunia na nusu! Hakufika hata nusu gunia. Ilibidi mara mbili tatu niulize kengele kama bado yupo. Mke wangu alikuwa hajamuona mama yake miaka mitatu, na mama aliyekuwa anamjua kichwani ni yule wa zamani, aliyejaza kiti. Mihogo ya kwao ilikuwa imeoza misimu miwili, nilisikia kwa jirani usiku uliopita, sikutilia maanani. Na katika misimu ile miwili, kila mtu aliyepita na kinga kuja Kamina alituletea unga kutoka kwa mama. Mfuko mzima, umefungwa vizuri. Tuliula. Mimi niliula, na bakuli nikalipangusa kwa kidole. Niliona haya njiani pale, na haikuwa ile ya desturi.

Tulipokaribia mji akaisemesha kinga tena. “Kinga, ambia bwana asiseme kule nyumbani kama nimekonda. Mutoto yangu ataona mwenyewe. Asilie mbele ya wakati.”

“Kinga,” nikasema, “ambia mama amesikiwa.”

Mke wangu alikuwa mlangoni, jua bado liko juu. Nikageuza kinga ili mgongo wangu ubaki kwao, nikasikia viatu vyake vinakuja mbio, ingawa alikatazwa kukimbia. Halafu viatu vikasimama. Baadaye akanifuata nyuma ya nyumba, macho mekundu, ngumi tayari.

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Nitakuambia namna gani? Simuangalii!”

Akanipiga ngumi ya bega, akaingia jikoni, akapika samaki wote waliokuwa ndani. Wote. Mchuuzi aliporudi kutoka Kinkondja na kinga nyeusi hatukuwa na kichwa hata kimoja cha samaki, na mama alikuwa ameshaanza kugombana na jogoo kwamba chakula cha nyumba hii kinazidi.

Siku mtoto alipokuja, asubuhi, watu wakiwa kazini, nilikuwa nimeandaa kinga ya kijani nimpeleke mke wangu materniti kujifungua. Nilitoa kile kiti, nikaweka godoro la nyasi, nikapaka mafuta mnyororo. Mama akatokeza mkono tu mlangoni, akaniashiria niache. Mtoto hakungoja kinga ya mtu. Nikabaki uani nimeipindua kinga miguu juu, nazungusha pedali kwa mkono, gurudumu linazunguka bure, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Ndani mke wangu alikuwa analia, akaacha kulia. Kukawa kimya. Kimya kile nilikifahamu, nilishakisikia mara mbili. Nikalishika gurudumu lisinilie masikioni. Nikasema, Vidye, Mungu, hapana, tafadhali, hapana.

Halafu mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa vibaya, na hakuacha.

Mlango ukafunguka. Mama mukwe akatoka nje, kitenge cha kichwani kimeanguka, mtoto mikononi, akanijia moja kwa moja. Nikageuka kutafuta njia ya kupita.

“Weye, usikimbie,” akasema. “Iko muzima. Kamata mutoto yako.”

Nikanyoosha mikono yangu yenye mafuta, akaniwekea mtoto. Nilimuangalia mtoto, halafu nikainua macho nikamuangalia mama. Alikuwa na uso wa mke wangu, umekonda tu, na machozi yalikuwa yanamshuka wala hakuyafuta.